Mkono Mrefu wa Chechele

Koti lilikuwa zuri kupita kiasi, na hapo ndipo lilipoharibika. Lilining'inia mlangoni mwa chumba, la manjano kama kiini cha yai, kola imesimama, vifungo vimepangana kama askari wa gwaride, na mikono yake miwili imeshuka sawasawa, kama iliyopimwa kwa pimamaji ya mwashi. Mtoto alilitazama kutoka juu hadi chini, akalitazama tena, kisha akasema, "Asante."

Neno lenyewe halikuwa na kosa. Lakini Fundi alikuwa ameishi na watu vya kutosha kujua kwamba kuna asante ya kupokea na kuna asante ya kufunga mlango. Hii ilikuwa ya pili. Ilifunga taratibu, bila kishindo, kwa adabu zote.

"Hulijaribu?"

"Baadaye," alisema mtoto, akaenda kumsaidia mama yake kuosha vyombo, kazi ambayo siku nyingine huikimbia.

Mtaani walimwita Fundi Rula, na jina hilo hakupewa bure. Mshono wake ulinyooka kama neno la kweli. Tatizo ni kwamba unyoofu ule haukukaa kwenye nguo tu, ulimhamia mwilini. Hakuweza kuona kitu kimekaa upande akakiacha. Aliwahi kwenda kutoa pole msibani, wenzake wameinamisha vichwa, yeye akajikuta amesimama dirishani ananyoosha pazia la wenyewe. Jirani yake mshona viatu alipenda kusema, "Huyu siku akifa atainuka kwanza ainyooshe sanda, ndipo alale."

Alioa akiwa ameshachelewa, kwa hesabu za watu. Mke wake alikuwa muuguzi, mwanamke wa maneno machache na kicheko kikubwa, aliyekuja na binti wa umri ule ambao mtoto huanza kuona haya kupakatwa. Baba wa mtoto aliaga zamani kwenda kutafuta maisha, na bila shaka aliyapata, maana hakurudi. Hakufa, na hiyo ndiyo tabu yake. Aliyekufa huliliwa akazikwa. Aliyesahau humlilii, humziki. Unabaki kusikiliza viatu vinavyopita nje.

Si kwamba mtoto yule alimchukia Fundi. La hasha. Alimwamkia asubuhi, alimpokea mizigo, alimpisha kiti. Ila hakuwa na jina la kumwita. "Baba" lilikuwa na mwenyewe, japo mwenyewe hakulitumia. "Mjomba" lingekuwa uongo. "Fundi" lilikuwa la wateja. Basi mtoto alikohoa. Akitaka kusema naye alikohoa kidogo, kisha akaanza, "Mama anasema..." Fundi aliuzoea ule mlango wa kikohozi, hata kule kazini mteja mwenye mafua alimgeuza shingo bure.

Ndiyo maana jioni moja, koti likiwa bado halijashonwa, mtoto alipokohoa, halafu asiseme "Mama anasema", Fundi alitega sikio. Shuleni, mtoto alieleza, kutakuwa na siku ya mavazi. Kila mwanafunzi atakuja amevaa kama mtu anayempenda, awe wa hadithi, awe wa gemu. Yeye alimtaka Chechele, wa kwenye gemu lake. Alikuwa amemchora kwa penseli za rangi. "Unaweza?" aliuliza. Lilikuwa ombi lake la kwanza tangu waanze kulala chini ya paa moja, na Fundi alilipokea kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa yai.

Sasa, ufundi una desturi zake. Wateja humletea Fundi michoro iliyopinda: bega moja juu, jingine chini, gauni kama gunia lililopigwa na upepo. Wao si wachoraji. Kazi ya fundi ni kutazama kile walichochora na kushona kile walichokusudia. Kwa hiyo alipoona kwamba Chechele wa kwenye karatasi ana mkono mmoja wa koti unaoupita urefu wa mkono wa pili na kuendelea hadi chini, ukiburura ardhini, alitabasamu kwa huruma. Mtoto hajui kuchora, alijisemea. Akamnyooshea.

"Umemkata mkono," mke wake alimwambia baada ya chakula, mtoto akiwa ameshaingia chumbani kwake.

"Nani?"

"Chechele. Ana mkono mmoja mrefu. Ndivyo alivyo."

"Mbona hakuniambia?"

"Alikuchorea."

Fundi alitazama meza. "Nilidhani..."

"Ulidhani mtoto amekosea." Aliicheka ile sura ya mumewe, lakini mkono wake ulikuwa begani kwake. "Sasa usiende kumwomba radhi. Ukimwomba radhi atakuonea huruma, atakwambia haidhuru, na haidhuru hiyo mtaizeekea. Kamuulize huyo Chechele ni nani."

"Mimi na gemu?"

"Wewe na gemu, mzee wangu."

Siku ya pili yake ilikuwa ya mapumziko. Mtoto aliketi mkekani mbele ya runinga, kidude cha kubonyezea kikiwa mapajani. Fundi aliingia, akazunguka kidogo kama kuku anayetafuta pa kutagia, mwishowe akashuka mkekani, magoti yakilalamika.

"Hivi," alisema, "huyu Chechele wako kazi yake ni ipi?"

Mtoto alimtupia jicho kuona kama anatania. "Anapeleka vifurushi."

"Analipwa vizuri?"

"Halipwi. Wanamshukuru."

"Basi ni kama mimi na wateja wa mtaa huu."

Pembe moja ya mdomo wa mtoto ilicheza. Akasogea, nafasi ndogo tu. Jina lake hasa, alieleza, ni la kigeni, hakuna aliyeweza kulitamka bila kutema mate. Watoto wa mtaani ndio waliompa hili la Chechele, kwa sababu hupitiwa, na mtu aliyepitiwa husemwa amechukuliwa na chechele. Na kweli, pale kwenye kioo cha runinga alikuwapo kiumbe mfupi, kichwa kikubwa, koti la manjano, anatembea kwa haraka ya mtu mwenye kazi nyingi. Aliifikia nyumba aliyotumwa, akaipita. Akavuka uwanja, akapanda kilima, akasimama ghafla. Akajipiga kofi la paji la uso. Akageuka, akaanza kurudi mbio, mkono ule mrefu ukipepea nyuma yake.

"Jaribu," mtoto alimpa kile kidude.

Fundi alibonyeza. Chechele akaenda kuugonga ukuta. Fundi akabonyeza zaidi. Chechele akaugonga zaidi.

"Si huko! Mgeuze! Mbona unambonyeza kama pedali ya cherehani?"

"Ndiyo ninayoijua."

"Polepole. Kushoto. Kushoto ni huku! Sasa, jamani, mto, mto..."

Maji yakaruka.

"Umemzamisha," alisema mtoto.

"Amekufa?" Fundi aliuliza, na sauti yake ilikuwa na hofu ya kweli, hata mtoto akamgeukia.

"Hafi. Mtazame atakavyofanya."

Chechele aliibuka ukingoni ameloa chapachapa. Kabla ya jambo lolote alikiinua kile kifurushi hadi sikioni, akakitikisa, akasikiliza. Kilikuwa kizima. Akatabasamu. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba na yeye ameloa. Akaukamua ule mkono mrefu kama mtu anayekamua dekio. Fundi alicheka hadi machozi yakamlenga. Hakuwa amecheka hivyo na mtoto yule hata siku moja.

"Kwa nini unampenda?" aliuliza alipotulia. Aliuliza kama anavyomuuliza bibi harusi nguo anayoitaka: kwa kunyamaza baadaye, ili jibu lipate pa kukaa.

Mtoto alifikiri. "Wengine wote ni hodari. Wana mapanga, wana mabawa, wanapiga watu. Huyu hajui kitu. Anaanguka. Anasahau."

"Kusahau nako ni sifa?"

"Si kusahau." Alisema kwa ukali kidogo, kama mtu aliyeguswa penye jeraha. "Anarudi. Kila akisahau anarudi. Hata awe amefika mbali, hata mvua inyeshe. Hasemi ah, nimeshapita."

Kuna maneno ambayo ukiyajibu unayachafua. Fundi alitazama kioo, ambako Chechele, aliyekuwa sasa mikononi mwa mtoto, alikuwa amefika kwenye daraja la kamba. Vitoto vya viumbe vya kule, vidogo kama vikombe, vilikuwa vimejikunyata mwanzoni mwa daraja, vikiogopa kuvuka. Chechele alivipa mgongo. Akauachia ule mkono mrefu ulale chini. Kimoja kikaja, kikaishika ncha ya nguo. Kingine kikamshika mwenzake. Akaanza kuvuka, taratibu, bila kugeuka nyuma kuvitazama.

"Mbona hawamshiki mkono wenyewe?" Fundi aliuliza. "Wa mwilini?"

"Hawamjui bado," alisema mtoto, macho kwenye kioo. "Mtu usiyemjua humshiki mkono. Lakini nguo unaweza."

Asubuhi Fundi alifungua duka mapema. Alilitandaza koti mezani, akawasha taa, akabaki ameshika kiuno. Kitambaa cha manjano kilikuwa kimekwisha; alikuwa amekata kwa hesabu kali, kama kawaida yake, na vipande vilivyobaki visingetosha kumvika njiwa. Nguo iliyokatwa haioti. Alichokuwa nacho ni kitambaa cha kijani, masalio ya bitana ya koti la mtu. Aliufumua upindo wa mkono mmoja, akaunganisha kile kijani, na kiungo kikaonekana waziwazi, rangi mbili zikigombana mchana kweupe. Mara mbili mkasi ulimnyanyukia wenyewe. Mara mbili akaurudisha.

Mshona viatu alichungulia. "Rula! Umepofuka?"

"Naona vizuri."

"Mkono mmoja unafagia sakafu."

"Ndivyo alivyo mwenyewe."

"Na hicho kiraka? Watu wakijua ni kazi yako je?"

"Wajue," alisema Fundi, akauma uzi.

Siku ya mavazi ilipofika alilitundika koti kwenye kitasa cha mlango wa mtoto, akaenda kujificha jikoni nyuma ya kikombe cha chai. Alisikia mlango ukifunguliwa. Kisha mtoto akatokea amelivaa, mkono wa kijani ukiburura, uso wake hausomeki. Alimtazama Fundi, akafungua kinywa. Akakohoa.

"Mama anasema tutachelewa."

Wakaondoka. Fundi alibaki na chai yake, ambayo sasa haikuwa na ladha, na hata mke wake alipogeuka langoni kumpungia, yeye alimpungia kama mtu anayefukuza nzi.

Kutwa ile kazi haikumkubali. Alikuwa na suruali ya bwana harusi mezani, naye akafumua alichokishona na kushona alichokifumua. Wakati wa watoto kutoka shule ulipokaribia hakutazama nje. Alijua kwamba mtoto hupita upande wa pili wa barabara, akienda kwa jirani kumngoja mama yake atoke zamu, na kwamba hupita akiwa ameinamia mkoba wake kama anayesoma. Kumtazama kungekuwa kumdai, naye hakutaka kumdai.

Kivuli kikaingia mlangoni. Hakikukohoa.

"Limechanika," alisema mtoto.

Alisimama kizingitini, vumbi hadi kwenye nyusi, na mkono mrefu ukining'inia kwa nyuzi chache pale rangi mbili zilipokutana. Fundi alisimama. Alitaka kusema pole, akaona uso ule, akangoja.

"Wote walitaka kushika. Darasa zima! Hata wale wakubwa, wale wa kujifanya. Tukazunguka uwanja, mimi mbele, siruhusiwi kugeuka. Halafu nikajifanya nimesahau, nikapita lango, nikajipiga kofi hivi, nikarudi. Na wote wakarudi! Mwalimu anatuita, sisi tunarudi tu." Alivuta pumzi. "Ndipo likachanika."

"Ni mshono wangu. Haukuwa na nguvu."

"Walikuwa wengi," mtoto alimtetea.

Akavua koti, akamkabidhi. Kisha, badala ya kugeuka, akaketi kwenye benchi la wateja, akatupa mkoba chini, akanyoosha miguu.

"Usilinyooshe," alisema. "Shona tu."

"Silinyooshi. Nishone kwa cherehani au kwa mkono?"

Mtoto alitazama nje, upande wa pili wa barabara, akamtazama tena.

"Ipi inachukua muda?"

"Mkono."

"Basi mkono."

Fundi aliisukuma kando suruali ya bwana harusi. Akasogeza kiti karibu na benchi, penye mwanga, akatia uzi tunduni mwa sindano, akauacha mrefu kuliko ilivyo kawaida ya kazi.