Gunia Lililokimbia

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, kuanzia neno la kwanza hadi nukta ya mwisho. Zamani nilikuwa nikiapa kwa baiskeli yangu, na watu wa Mlabani walikuwa wakiniamini angalau nusu. Siku hizi naapa kwa miguu yangu. Sababu utaiona ukivumilia.

Naitwa Fridolin, Mndamba, mstaafu wa mashine ya kukoboa mpunga. Kijiweni nikiulizwa husema nilikuwa fundi mkuu. Kazi yenyewe ilikuwa kushona midomo ya magunia, lakini niambie wewe, gunia lisiloshonwa linafika wapi? Mambo ya injini nilijifundisha mwenyewe, kwa kusimama karibu nazo.

Jirani yangu Scolastica ni fundi wa vyerehani. Hiyo ndiyo kazi inayomlisha. Kazi inayomnyima usingizi iko nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha mabati ambako anatengeneza injini ndogo za mvuke. Ndogo nikimaanisha ndogo kweli: unaweza kuiweka moja juu ya kigoda na bado ukapata pa kuweka kikombe cha chai. Na usidhani ni mapambo. Zinahema, zinazunguka, zinatema mvuke kama mtu aliyeudhiwa.

Ukiingia kibandani mara ya kwanza utadhani umeingia jalalani. Tulia, tazama tena. Ile mashine yake ya kukerezea vyuma ilikuwa cherehani ya miguu. Kichwa amekitoa, meza ameibakiza, na sasa akikanyaga pale chini, chuma kinazunguka pale juu naye anakichonga kama anamenya muhogo. Patasi zake ni tupa zilizokufa, amezinoa upya. Kekee yake ni ubavu wa mwavuli. Akitaka pistoni iteleze ndani ya silinda bila kupitisha pumzi, haendi dukani kutafuta dawa ya kusugulia. Anachukua majivu ya pumba za mpunga, anayachekecha kwa kipande cha soksi, anayachanganya na mafuta ya cherehani, kisha anasugua na kusikiliza, anasugua na kusikiliza. Majivu ya pumba yana makali yasiyoonekana. Bonde zima la Kilombero tunayamwaga njiani yajaze mashimo, yeye anayahifadhi kwenye kopo la maziwa kama iliki.

Ile injini ninayotaka kuisimulia niliijua tangu ilipokuwa takataka. Mtungi wa kuchemshia maji ulikuwa wa zimamoto, umekwisha kazi. Kile kidude cha kupunguza presha kilitoka kwenye sufuria ya kuchemshia maharage. Gurudumu ni lile la mkono la cherehani, na chuma cha pistoni ni kile kinachoshika sindano ya cherehani, kinachopanda na kushuka maisha yake yote bila kuyumba. Silinda ilikatwa kwenye pampu yangu ya baiskeli. Alikuja kuniomba nikampa, na kipande kilichobaki akasema atakitafutia kazi. Sikuuliza kazi gani. Ningeuliza, labda leo ningekuwa bado naendesha.

Sasa, huyo Scolastica alikuwa na kiu moja. Mashine yake ya kukerezea ilikuwa ndogo mno. Alitaka kutengeneza kubwa, ili aweze kuchonga injini ya kusukuma maji ya bustani, na kwa hiyo alihitaji shafti nene iliyonyooka. Nyuma ya nyumba ya Seni, kule Lumemo, kulikuwa na pawatila, trekta dogo la kusukuma kwa mkono, iliyokufa, na ndani yake shafti kama hiyo. Alikuwa ameiomba mara nyingi. Seni alikuwa haiuzi wala haitoi. Ni Msukuma, kila mwanamke kwake ni mayo, yaani mama, na kitu kikizeeka zizini kwake anakihesabu kama babu.

Siku hiyo Seni alikuja Mlabani na mkewe, Mama Shilinde, kuchukua cherehani yao. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na baiskeli yangu imeegemea ukuta.

"Shikamoo, babu," Seni akanisalimu.

"Marahaba. Umekuja kuona injini inayovuta gunia la mpunga?"

Sijui neno hilo lilitoka wapi. Lilikuwa limekaa mdomoni, nikalitoa. Mpaka siku hiyo, kitu kizito kuliko vyote ilichowahi kuvuta injini ile kilikuwa ndala moja ya Scolastica.

Seni aliinama akaitazama pale juu ya kigoda. "Hii? Hii hata kuku haimkimbizi."

"Inavuta gunia zima, kutoka kwenye choo hadi mlango wa jiko."

"Babu, si wewe uliyesema ulivuka Kilombero na baiskeli juu ya mgongo wa kiboko?"

"Viboko wawili. Mmoja hawezi kufika ng'ambo."

Alicheka hadi akashika nguzo. Kisha akaniambia, "Haya. Ikivuta gunia, mayo Scolastica aje achukue ile shafti. Isipovuta, nisiisikie tena shafti hiyo hadi naingia kaburini."

"Na ukigundua nimekudanganya," nikasema, maana mdomo wangu ukianza kuteremka mlima hauna breki, "baiskeli hii ni yako."

Scolastica alikuwa ndani anafunga cherehani. Alitoka na bisibisi mkononi, akanitazama, halafu akamgeukia Seni. "Njoo Jumamosi," akasema. Basi.

Walipoondoka nilisubiri anigombeze. Hakunigombeza. Alianza kutundika sproketi za baiskeli, zile gurudumu za meno zinazoshika cheni, ukutani, ndogo hapa, kubwa pale, anazipanga kwa macho.

"Scola, utaweza?"

"Injini yangu haina nguvu, lakini ina subira," akasema. "Ndogo inazungusha kubwa, kubwa inabeba ndogo nyingine, nayo inazungusha kubwa nyingine. Kila hatua mwendo unapungua na nguvu inaongezeka. Mwisho wake gunia litasogea. Taratibu, lakini litasogea."

Nilitikisa kichwa kama ninayeelewa. Nilirudi nyumbani, na njiani nikaona hali halisi: kainjini kadogo hivi, pumzi ya birika, na gunia linalowashinda vijana wawili. Nikaona Scolastica anapoteza shafti kwa sababu ya mdomo wangu. Niliumia, naapa kwa miguu yangu. Na mtu akiumia hutumia ujuzi alionao.

Ilikubaliwa gunia litoke kwangu, kwa kuwa nilikuwa nimevuna. Nilichukua gunia tupu nikalijaza pumba hadi karibu na mdomo, nikazishindilia, juu nikaweka mpunga safi wa kuonekana, nikashona. Mshono ule ungepokelewa hata bandarini.

Jumamosi nilifika na gunia langu nyuma ya baiskeli. Scolastica alikuwa ameshafagia uwanja. Mitambo ilikuwa imefungwa kwenye fremu ya kitanda cha chuma, cheni zinang'aa mafuta, na mwishoni gogo dogo la mninga alilolikereza mwenyewe, limezungushiwa kamba ya katani. Chini alipanga fito za mviringo, juu yake ubao. Jiko la pumba lilikuwa linawaka chini ya mtungi. Seni na mkewe walifika na guta lenye mzigo, maana Mama Shilinde hununua mpunga, na asubuhi hiyo alikuwa anatoka Lipangalala.

Nilishusha gunia nikaliweka juu ya ubao. Scolastica akafunga kamba, akafungua koki.

Injini ilianza. Gurudumu la cherehani likazunguka, sproketi zikafuatana, kamba ikakaza, na gunia likaondoka. Wacha bwana. Liliondoka kama mtu aliyesikia ubwabwa umeiva. Lilipita kisima, likapita kamba ya kuanikia nguo, likaenda kugonga kizingiti cha jiko. Seni alivua kofia. Mimi nilikuwa nimeshaanza kutunga jinsi nitakavyolisimulia kijiweni, nikiongeza gunia la pili.

Lakini Scolastica hakufurahi. Alikuwa ameinamisha sikio kwenye silinda.

"Haikuhema," akasema.

"Ni ufundi wako, Scola."

"Kaka Fridolin, naijua sauti yake. Ikibeba mzigo inahema. Hii imekimbia, na haikupaswa kukimbia."

Mama Shilinde naye akasogea. Ni mama mpole, ana sauti ya kanisani. "Mimi nilikuwa najiuliza kitu kingine," akasema. "Mzee ameshusha gunia la mpunga peke yake, na hakuguna."

"Nimekunywa uji," nikasema.

"Uji wa nini, baba? Na mimi nikampikie Seni."

Alitia mkono kwenye kikapu akatoa bambo. Nimeshona magunia maisha yangu yote, na katika bonde hili hakuna gunia linalopokelewa bila kuchomwa bambo. Huo ni mrija wenye ncha. Unauchoma ubavuni mwa gunia, unachomoa, unaona kilichomo hadi moyoni. Wanaochoma huwa wanaanzia chini, kwa sababu ya watu kama mimi. Nilikuwa nimefikiria mshono, nimefikiria mpunga wa juu, na bambo sikulikumbuka. Ni sawa na mwizi wa samaki kusahau kwamba samaki wananuka.

Alichoma chini, akachomoa, akamwaga kiganjani. Akapuliza kidogo tu. Kiganja kikabaki kitupu.

Nililitambua bambo lile. Lilikuwa na alama ya kutu iliyokuwa kwenye pampu yangu. Nusu moja ya pampu ilikuwa silinda, nusu ya pili Scolastica aliichonga ncha akamuuzia Mama Shilinde.

"Pumba," Seni akasema. Akavaa kofia yake. "Basi, shafti inabaki Lumemo. Na baiskeli hiyo tutaizungumza."

Scolastica alikuwa ananitazama mimi.

"Ulidhani haitaweza," akaniambia.

Ningetukanwa ingekuwa nafuu. Mimi niliyemsifia kwa kila mtu, kutoka Mlabani hadi stendi, ndiye niliyekuwa siamini.

Akamgeukia Seni. "Baba Shilinde, wewe ulisema ikivuta gunia. Bado haijavuta. Kwenye guta lenu kuna nini?"

"Mpunga."

"Shusha moja. Wewe mwenyewe."

Seni ni mtu mkubwa. Alishusha, na aliguna. Scolastica akaliomba bambo akachoma chini, katikati na juu, akamwonyesha kila mmoja wetu mpunga mzito wa dhahabu. Kamba ikafungwa, moto ukapungua kidogo, naye Scolastica akanyoosha mkono bila kunitazama. "Lete pumba zako."

Nikakata mshono wangu, nikawa nalisha jiko.

Koki ikafunguliwa. Injini ikaanza kwa haraka, kamba ikakaza, na hapo ikabadilika sauti. Ilishuka. Ikaanza kuhema, kule kuhema kwa mtu anayepanda milima ya Udzungwa na mtoto mgongoni. Gurudumu lilifika juu likasita, na mimi nikasita nalo, likapita. Likasita tena, likapita. Gunia lilikuwa limekaa tu. Seni alichutama akaweka ukucha wake ardhini, sambamba na ubao. Kisha nikaona ukucha umebaki nyuma.

"Linatembea," Seni akanong'ona, kama anayeogopa kulishtua.

Lilitembea. Kobe angelipita akageuka kulicheka, lakini lilitembea. Mara mbili Scolastica aliongeza maji, mara kwa mara alitia tone la mafuta kwenye kile chuma cha sindano, zaidi ya hapo hakuigusa. Alikuwa amesimama na mikono nyuma. Kitu kilichotoka kwenye cherehani, sufuria na pampu ya mzee muongo kilikuwa kinavuta gunia linaloshinda vijana wawili, kwa moto wa pumba. Nimesimama karibu na injini nyingi, zile za mashineni zinazotikisa nyumba za jirani. Hakuna iliyonifanya nivue kofia. Ile niliivulia, na nilikuwa sijavaa.

Tulikuwa tumeshakula viazi na kunywa chai wakati ubao ulipogusa kizingiti cha jiko.

Seni alinyanyuka, akapangusa magoti. "Mayo Scolastica," akasema, "njoo uchukue shafti yako. Na gia yake pia. Zinakaa bure kwangu." Halafu akanigeukia. "Babu."

"Najua," nikasema.

Nilimkabidhi baiskeli pale pale. Aliijaribu mara moja uwanjani, magoti yakamgonga kidevuni, akashuka akamsukumia Scolastica. "Hii ni ya Wandamba," akasema. "Ipe kazi."

Safari ya mwisho ya baiskeli hiyo niliifanya mimi, kwa miguu, nikiisukuma kutoka Lumemo hadi Mlabani na shafti imefungwa juu yake, Scolastica akitembea mbele bila kugeuka. Tulipokaribia nyumbani ndipo alipozungumza. "Mshono wa gunia lakini ulikuwa mzuri," akasema.

Sasa mashine kubwa ya kukerezea imesimama kibandani. Gurudumu la nyuma la baiskeli yangu ndilo linaloizungusha, na cheni ni ile ile. Ninayekanyaga pale chini, kila Jumamosi, ni mimi, hadi injini ya maji itakapokamilika. Hiyo alisema ni riba ya kutomwamini.

Kengele ya baiskeli alinirudishia. Huwa natembea nayo mfukoni. Nikifika kijiweni nikianza, "Sikilizeni, hili ni kweli tupu," Seni akiwepo hunikatiza: "Babu, piga kengele kwanza, watu wapishe."

Naipiga.