Maji ya Kinu cha Pamba

Limi alisimama nje ya seng'enge ya kinu na kibuyu kitupu mkononi. Ndani, kaka yake Jilala alikuwa akilinda kisima. Ilikuwa Septemba 1949, na mvua za mwaka ule zilikuwa zimewatupa.

"Kaka, kibuyu kimoja tu. Mayu hajanywa tangu jana," Limi alimwombea mama yao.

"Nimekatazwa, Limi. Tanki likipungua, mtambo unasimama."

"Kisima hiki alikichimba nani?"

Kilichimbwa na babu yao. Miaka mitatu nyuma, tajiri mmoja alipotafuta mahali pa kujenga kinu cha kuchambulia pamba, Jilala ndiye aliyemleta hapa. Yeye na nduguze walifyatua matofali. Ng'ombe wa baba yao walikokota boila la kuchemshia maji ya mtambo kutoka stesheni ya Shinyanga. Wazee waliuliza maji yatakuwa ya nani. "Yatabaki yetu sote," Jilala aliwaambia. Tajiri hakuwa amesema hivyo. Baadaye Jilala akapewa kofia, viatu, na lango la kulinda.

"Basi tunakwenda kuchimba maji mtoni," Limi alisema. "Mimi na mayu."

Jilala aliujua mchanga wa mto ule. Ukichimbwa huporomoka.

"Chimbeni taratibu," alisema.

Alasiri habari zikafika: shimo limemfukia mama yake. Walimfukua kwa mikono, wakachelewa.

"Pole sana, Jilala," tajiri alisema. "Chukua madebe mawili ya maji, mkamwoshe mama. Urudi na madebe kabla ya zamu ya jioni."

Jilala aliyabeba kwa mzega begani mpaka nyumbani. Wanawake waliokuwa wakilia wakanyamaza. Hakuna aliyemtazama usoni. Wote waliyatazama madebe. Binti mdogo wa Limi alitumbukiza mkono, akanyonya vidole.

"Ni ya kumwoshea mayu," Jilala alisema.

Limi alichukua kata, akamnywesha binti yake. Akamnywesha mtoto wa jirani, kisha bibi mmoja kipofu. Foleni ikatoka mlangoni hadi uani. Jilala alitaka kusema maji yatakwisha, akasogea kuipisha foleni.

Kata ilipokwangua chini, Limi alichovya pembe ya kanga katika tone lililobaki, akaanza kumfuta mama yao mchanga mdomoni.

Kinuni king'ora cha zamu ya jioni kikalia.

Jilala akainama, akayaokota madebe.