Macho ya Buddha wa Televisheni

Kazi ya kuchora macho ya Buddha ni yangu. Sanamu huchongwa, hupakwa dhahabu, lakini hubaki kipofu mpaka mchoraji aitie mboni siku ya mwisho. Fundi Pyo alinifundisha mimi, Deok-rye, akamfundisha na Su-ok, ambaye hakumaliza. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka. Akaenda zake Seoul kutengeneza televisheni mbovu, nami nikashukuru.

Sasa Fundi Pyo amezeeka, anataka kuacha Buddha mmoja wa mwisho hekaluni, na kazi kampa nani? Su-ok. Buddha wake ni televisheni kuukuu zilizopangwa mpaka karibu na dari, mikono ya bati inajiinua kwa mota, na mahali pa uso pana kioo kikubwa cha televisheni. Kwenye paji, ambapo sanamu nyingine huwekwa kito, kaweka kamera. Ukisimama mbele yake, uso wa Buddha unakuwa wako.

"Na macho nitachora wapi?" nilimuuliza.

"Hakuna kuchora, dada," akasema, anakaza skrubu. "Nitawasha tu."

Atawasha tu! Mimi niliyepinda mgongo miaka yote hii, yeye atawasha tu, kama anawasha taa ya choo. Roho iliniuma, sifichi. Nikamfuata Fundi Pyo, nikamkuta anakula uji wa boga.

"Mwalimu, Buddha wako wa mwisho afunguliwe macho na mtu aliyeshindwa kushika brashi?"

"Umefungua macho katika mahekalu mangapi wewe? Mwachie mwenzio haya."

"Simwachii."

"Basi njoo siku ya kuwasha, ununie huko huko."

Siku ilipofika nilikwenda, na kununa nikanuna. Ukumbi ulijaa. Mtawa akagonga kengele, Su-ok akabonyeza swichi, na sote tukajiona usoni pa Buddha, tumebanana, watoto wanajipungia mikono. Mikono ya bati ikainuka polepole. Ilikuwa nzuri. Nilitamani iungue.

Mtawa akasema tusujudu. Watu wote wakaenda chini, hata Fundi Pyo na magoti yake mabovu. Mimi sikwenda. Nimsujudie Su-ok? Thubutu.

Nikasikia mtu anaguna, halafu mwingine. Nikatazama juu. Wenzangu wote walikuwa sakafuni, kamera haiwaoni. Aliyebaki kwenye kioo ni mimi peke yangu, uso mpana kama mlango, mdomo nimeubetua, kijicho kimejaa machoni. Na huo ndio waliokuwa wanausujudia. Nimechora macho mengi maishani, sijapata kuchora mabaya namna ile.

"Dada," Su-ok akaninong'oneza kutoka chini, "inama. Kioo kinatakiwa kibaki kitupu. Hayo ndiyo macho yake."

Hakunicheka. Hilo ndilo lililonikata maini. Angenicheka ningejua la kumjibu.

Nikapiga magoti, wala si kwa heshima, nilitaka tu ile sura iondoke. Uso wa Buddha ukabaki mtupu, ukuta mweupe wa nyuma yetu na mwanga, basi. Fundi Pyo aliinua kichwa akautazama kwa muda mrefu, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni.

"Su-ok," akasema, "umeyafungua."

Mimi ndiye niliyeinama wa mwisho, na bila mimi kuinama yasingefunguka. Jina langu hakulitaja.