Unga wa Mlango wa Nne

Tirsa aliamka amechoka. Haukuwa ule uchovu wa mikono, ambao mtu akinyoosha mgongo unamtoka. Ulikuwa uchovu wa kukaa katikati ya watu, wa kumsikiliza huyu na kumnyamazia yule, na dawa yake haiuzwi sokoni. Na siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Ijumaa, mwanamke wa Yerusalemu haulizwi kama amechoka. Anaulizwa kama mikate imeiva.

Uwanja wao ulikuwa katika mji wa chini, juu kidogo ya bwawa la Siloamu: nyumba nne zimetazamana, na lango moja la kutokea njiani. Nyumba moja ilikuwa yake. Ya pili ilikuwa ya dada yake Hulda, mwanamke aliyekula chumvi nyingi, meno yamekwisha na miguu imemkataa, lakini ulimi uko timamu. Ya tatu ilikuwa ya Yoezeri mtia rangi nguo, ambaye mikono yake ilikuwa ya buluu hadi kwenye viwiko, hata aisugue vipi. Ya nne ilikuwa ya Menahemu, mtoto wa pekee wa Tirsa, na mkewe Keturah. Hiyo ya nne Tirsa hakuwa ameikanyaga tangu Pasaka.

Menahemu alikuwa amejiunga na watu wa Njia, wale wanaosema kwamba Mnazareti aliyetundikwa na Warumi amefufuka na ndiye Masihi. Hilo Tirsa angelimeza. Mji huu umewasikia wengi wakiitwa Masihi, na mama hamtupi mwanawe kwa ajili ya maneno. Kilichomkwama kooni ni Pasaka yenyewe. Alikuwa ametandika, mwana-kondoo ameiva, mboga chungu zimeoshwa, na mahali pa marehemu baba yake Menahemu pamewekewa mto mzuri. Menahemu akaja hadi mlangoni, akasema kwa upole, "Mama, mwaka huu tunakula na ndugu." Ndugu! Mtoto wa pekee, ndugu kawatoa wapi? Tirsa alikula nyama ile yeye na Hulda tu, aliyekuwa akiifyonza tu, na tangu siku ile mwanawe akimsalimu anaitikia huku akitazama ukuta.

Hata hivyo, kila Ijumaa alipita mlangoni kwao kama alivyopita kwa wengine. Hakuwa na hiari, maana yeye ndiye aliyeshika bakuli la uwanja. Siku ya Sabato mtu haruhusiwi kutoa kitu nyumbani kwake akakivusha uwanja wanaokaa watu wengine, hata kama ni kijiko. Lakini wenye uwanja wakichanga unga, kila nyumba konzi moja, ukaokwa mkate mmoja na kuwekwa katika nyumba moja kabla ya jua kuzama, basi wote wanahesabiwa kuwa wanakula meza moja, na uwanja mzima unakuwa kama nyumba moja. Hapo mwenye bakuli avushe bakuli, na mwenye mtoto ambebe mtoto wake wapunge upepo. Bila mkate huo, kila mtu na lake ndani kwake. Kazi ya kupitisha bakuli Tirsa aliirithi kwa mama mkwe wake pamoja na nyumba na maumivu ya magoti.

Siku hiyo alianza kwa Hulda, akachota konzi kwenye mtungi wa dada yake.

"Hilo konzi la nani?" Hulda akauliza kutoka kitandani. "La kwako au la jitu? Utanimalizia unga, we Tirsa."

"Ni lile lile la siku zote, dada."

"Basi mkono wako umenenepa. Na uji wa leo usiwe na mabonge."

"Umewahi kuona mabonge kwenye uji wangu?"

"Sioni siku hizi. Nayasikia tu yakipita kooni."

Uji wa Hulda ulikuwa ukipikwa kwa Tirsa, kwa sababu nyumba ya Hulda haikuwa na jiko, na chungu kilifunikwa kwa majani makavu kisipoe hadi kesho yake. Kila Sabato Tirsa alivuka uwanja na bakuli, akamlisha dada yake jioni, akamlisha tena asubuhi.

Kutoka kwa Hulda alikwenda kwa Yoezeri. Yoezeri mwenyewe ndiye aliyefungua, ameshika konzi lake la unga mkononi, wa buluu chini na mweupe juu. Hakulitia katika bakuli.

"Mama Menahemu, kabla sijatia, tuelewane. Kwa mwanao umeshapita?"

"Bado."

"Basi usipite. Unga wao ukiingia humo, wangu hauingii."

"Mbona wiki iliyopita uliingia?"

Yoezeri akashusha sauti. "Leo asubuhi nimeulizwa mbele za watu. Sinagogi zima, wenzangu wote wa rangi wamekaa. Wananiambia, Yoezeri, tunasikia unakula mkate mmoja na wale watu. Nijibu nini? Nina mtoto mchanga, mama. Wakinisusia, nguo za kutia rangi nitaletewa na nani?"

"Mkate wenyewe huuli, Yoezeri. Unakaa kwenye kapu langu, baadaye Hulda anauchovya."

"Kwenye hesabu tunaula wote. Wewe unajua hivyo, na mimi najua. Halafu wale wamejitoa wenyewe. Nyumba yao haihesabiki tena. Ipite tu, mkate utakuwa wetu sisi tuliobaki."

Hapo Tirsa angeweza kusema mengi. Angeweza kumwambia kwamba Menahemu alimtahiri mwanawe siku ya nane mbele ya macho ya Yoezeri huyo huyo, aliyekula hadi akafungua mshipi. Angeweza kusema kwamba kila saa ya sala Menahemu anapanda Hekaluni na wengine. Lakini jua lilikuwa limeshapinda, unga ulikuwa haujakandwa, magoti yalikuwa yanauma, na moyoni mwake kulikuwa na jambo asilotaka kulitazama: Pasaka ile ilikuwa bado inamuuma, na hapa mtu anampa ruhusa ya kulipiza bila kulaumiwa. Akasogeza bakuli mbele.

"Tia basi, niende," akasema.

Alipita mlango wa nne bila kugonga. Ndani alimsikia Keturah akimwimbia mtoto, kisha wimbo ukakatika, kama mtu anayesikiliza nyayo. Tirsa akakaza mwendo, na kwa mwanamke wa magoti yale, kukaza mwendo ni kazi. Akakanda, akaoka, akautia mkate kwenye kapu. Kutoka pembe ya ukuta wa Hekalu baragumu likalia, wenye maduka wakafunga, na baadaye likalia tena, na Sabato ikaingia. Taa ilikuwa imeshawashwa.

Akamimina uji, akafika kizingitini, mguu mmoja tayari hewani.

Upande wa pili, Keturah alikuwa amesimama kwenye kizingiti chake naye, ameshika bakuli la tini zilizopikwa hadi zikalainika, zile anazompikia Hulda kila Sabato. Hakuwa amevuka. Alikuwa akimtazama mama mkwe wake.

"Mama," akasema, "leo hukupita kwetu."

Tirsa akaurudisha mguu ndani. Hapo ndipo akili ilipomfungukia, naye akajiona mpumbavu mkubwa. Amepitisha bakuli hilo miaka yote hiyo, na leo kwa uchovu na kinyongo amejitia hamnazo kwa jambo analolijua kila mtoto wa Yerusalemu: nyumba moja ikiachwa nje ya mkate, uwanja si wa meza moja tena, na hakuna mtu hata mmoja anayeweza kuvusha kitu. Alidhani amemfungia nje mwanawe, kumbe amejifungia yeye ndani.

"Yoezeri!" akaita. "Hebu toka!"

Yoezeri akatokea mlangoni pake na mtoto wake mchanga begani, mtoto analia kwa joto. Kila Sabato jioni alimtembeza uwanjani hadi alale. Akawaona wanawake wawili wamesimama na mabakuli yao, naye mguu ukamganda.

"Nini tena?"

"Uliniambia nyumba yao haihesabiki."

"Haihesabiki!"

"Basi vuka. Tukuone."

Yoezeri akautazama uwanja kana kwamba umechimbwa shimo. Hakuvuka. Mtoto akazidi kulia.

"Siwezi kukaa na wasiwasi siku ya Sabato," akasema mwishowe. "Labda inahesabika."

"Labda!" Tirsa akasema. "Mchana ulikuwa na uhakika kama kuhani mkuu."

"Na wewe mchana ulikuwa na mdomo, mama. Mbona hukuutumia?"

Neno hilo lilimchoma kwa kuwa lilikuwa kweli. Kutoka nyumba ya pili ikaja sauti ya Hulda.

"Mmekufa wote huko? Mimi nina njaa!"

"Subiri, dada!"

"Nisubiri nini, Masihi? Hata huyo wanasema ameshakuja!"

Yoezeri akanung'unika kwamba mtu hafi kwa kulala njaa usiku mmoja, na Keturah akamwambia kwamba basi na mtoto hafi kwa kulia. Uji ulianza kupoa mikononi mwa Tirsa. Alitamani kukaa chini pale pale kizingitini, alie, alale, wamwamshe mambo yakiisha.

Menahemu akatoka. Alikuwa amesikia yote, maana uwanja ule hauna siri. Akampita mkewe, akaenda hadi katikati ya uwanja, mikono mitupu inaning'inia, na Tirsa akaona jinsi alivyokonda. Mvi mbili tatu zilikuwa zimeingia kwenye ndevu, na yeye mama hakuzijua.

"Bwana Yoezeri, mama, mnisikie," akasema. "Sehemu yangu katika uwanja huu, mimi na nyumba yangu, nimeiacha. Ni yenu ninyi, Sabato hii yote."

Kisha akasimama pale pale, kama mtu aliyetua mzigo.

Ndivyo baba zao walivyofundisha: mtu aliyebaki nje ya mkate anaweza kuacha haki yake kwa kinywa tu, hata Sabato ikiwa imeshaingia, na waliobaki wakawa huru kubeba. Ila nyumbani mwake mwenyewe hakitoki kitu wala hakiingii, kwa mkono wa mtu yeyote, mpaka Sabato ipite. Anakaa katika uwanja wa baba yake kama mgeni aliyekaribishwa. Yoezeri alijua maana ya maneno hayo, na alijua kwamba mtu aliyejitoa katika Israeli asingehangaika kuyasema.

"Hukulazimika," Yoezeri akasema.

"Mama mkubwa ana njaa," Menahemu akajibu. "Na mwanao anataka upepo."

Keturah akalitazama bakuli lake la tini, akageuka, akarudi nalo ndani. Yoezeri akavuka kizingiti na mtoto, akaanza kutembea akiufuata ukuta, macho chini. Alikuwa amepata alichokitaka, na hakujua akiweke wapi.

Tirsa akavuka na uji, akamlisha dada yake. Hulda alimeza kijiko, akameza cha pili, kisha akafumba mdomo.

"Nimesikia sauti ya Menahemu. Kasema nini?"

"Kasema uwanja si wake. Kasema ni wetu."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Sikumjibu."

"Kwa nini? Kusema nako unasubiri kuchangiwa unga?" Hulda akausukuma mkono wa ndugu yake. "Nimeshiba. Toka, uniache."

"Hujashiba, dada. Umekula vijiko viwili."

"Weka hapo. Nitajilisha, mikono haijafa. Wewe nenda unakotaka kwenda. Miezi yote hii unanikalia hapa na uso kama wa mfiwa, nami nimechoka kukutazama."

Tirsa alisimama nje kidogo. Mama haendi kwa mwanawe bila kitu mkononi, hivyo ndivyo alivyolelewa. Lakini leo hakuna alichoweza kuingiza katika nyumba ile, hata punje ya zabibu, na ikiwa angengoja hadi Sabato iishe ili apate cha kuchukua, alijijua: angechoka tena, na kuchoka kungempa sababu. Akapiga moyo konde, akavuka na viganja vyake wazi, akainama kwenye mlango wa nne.

Hakuna aliyemuuliza amefuata nini. Menahemu aliinuka, akampisha kwenye mto. Mjukuu wake alikuwa amelala chali, mdomo wazi. Karibu na mlango, chini, palikuwa na kibakuli kimefunikwa kitambaa safi. Tirsa hakuhitaji kukifunua. Lilikuwa konzi lao la unga, lililowekwa tangu mchana pale ambapo mkono wake ungelifikia upesi asisimame sana.

"Niliuruka mlango wenu," akasema. "Nilikusikia ukiimba, Keturah, nikapita. Yoezeri aliniambia, lakini miguu ilikuwa yangu." Akavuta pumzi. "Nimechoka kukukasirikia, Menahemu. Sijaacha. Nimechoka tu."

"Najua, mama," Menahemu akasema. "Na mimi nimechoka kusalimia mtu anayetazama ukuta."

Wakakaa. Mtoto alikoroma. Baadaye Tirsa akajikongoja kuinuka aende zake, na Keturah, kwa mazoea tu, akachukua lile bakuli la tini akamwekea mkononi.

"Mpelekee mama mkubwa, hajapata..." akaanza, kisha akakumbuka.

Wote watatu wakalitazama bakuli. Lisingeweza kutoka. Tirsa alikuwa amelishika, kizingiti kiko mbele yake, na ng'ambo ya uwanja dada yake amelala.

"Basi nitazila hapa hapa," akasema, akarudi kukaa.

Menahemu akaenda kumletea mkate.