Mafungu Yasiyobakisha Nyongeza

Jumatatu saa mbili asubuhi, Bochaberi alimwaga nyanya juu ya gunia lake sokoni Oyugis, akazitazama mara moja, akajua ni mia moja hamsini na tano. Akazipanga mafungu thelathini na moja, kila fungu nyanya tano. Haikubaki hata moja, na wateja wakanung'unika, maana nyanya ya nyongeza ndiyo humrudisha mtu kesho.

Uwezo huo wa kutazama idadi na kujua mafungu yake aliupata wiki ile mumewe, Omanga, alipofukiwa na shimo la dhahabu kule Osiri. Wajane wengine hupata vidonda vya tumbo.

Kampuni yenye shimo ilisema Omanga hakushuka siku hiyo, na kama hakushuka, basi hakuna wa kufukuliwa. Bochaberi hakutaka fidia wala pole. Alitaka mwili, amzike nyumbani. Chifu akaagiza apewe sajili ya walioshuka. Kampuni ikatii. Ilimpelekea sajili ndani ya flashi, ikiwa imefungwa, pamoja na barua yenye namba ya kufuli: tarakimu mia sita na kumi na saba.

Abdurahman, mwenye saiba, duka la kompyuta karibu na msikiti, ndiye aliyemsomea barua.

"Mama, hii walizidisha namba mbili tasa, zile hazigawanyiki. Jibu wanaonyesha kila mtu, hawaogopi. Ukizijua hizo mbili, kufuli inafunguka. Lakini kujua ni gani mbili walizidisha, kompyuta zote za dunia zitafanya kazi mpaka jua lizimike. Hata simu yako inalindwa hivyo."

Bochaberi akavaa miwani. "Kwani ni kugawa tu?"

"Ni kugawa tu."

"Basi andika."

Akamtajia idadi ya mafungu, kisha idadi ya kila fungu. Kazi ilichukua nusu saa, kwa sababu Abdurahman aliandika polepole na mara mbili aliinuka kuhudumia watu wa kopi. Haikubaki nyongeza. Sajili ikafunguka. Omanga aliingia saa moja na dakika kumi asubuhi. Mahali pa saa ya kutoka palikuwa patupu. Bochaberi alilia kwa sauti, alilia kwa uchungu na kwa hasira, na Abdurahman akawaomba wateja warudi alasiri.

Kesho yake alikwenda ofisi ya kampuni mjini Migori. Levis, fundi wa kompyuta, akazidisha zile namba mbili na kutikisa kichwa.

"Hesabu yako iko sawa, Mama."

"Basi mfukueni."

"Shida ni moja. Imethibitishwa kwamba hii kufuli haiwezi kufunguliwa na mtu. Kwa hivyo kampuni inasema hujasoma kitu."

"Nimesoma, kijana wangu. Aliingia na hakutoka."

"Najua," Levis akasema, macho chini. "Hata mimi nimesoma. Lakini kufukua ni idara ingine."

Kampuni haikumshtaki. Iliwaita wataalamu, wakakaa siku mbili hotelini, wakaamua kwamba namba ilikuwa fupi. Ikatengenezwa ndefu zaidi. Tangu hapo Levis huja Oyugis kila Ijumaa na namba mpya, ili mama aijaribu. Majirani wa sokoni humpa kijana huyo kiti na chai. Bochaberi angeweza kukataa, lakini ndani ya kila kufuli mna sajili ile ile, naye huogopa kwamba siku moja watalifuta jina. Hawajalifuta. Hawaoni sababu ya kulifuta.

Ijumaa iliyopita namba ilijaza karatasi tatu. Aliigawa kabla ya adhuhuri, akasoma sajili kwenye kompyuta ya Levis, akavua miwani.

"Bado yuko chini," akasema.

Levis aliitikia kwa kichwa, akatoa fomu yake. Ilikuwa na swali moja, kama kufuli imefunguka. Akaandika ndiyo, akampa Bochaberi kalamu aweke sahihi, na kampuni ikaagiza kufuli nyingine.