Mluzi wa Shee Penye Mwamba

Mvua za El Nino zilipotumalizia mbuzi Garissa, mimi na mwanangu Awil tuliteremka pwani, upande wa Kiunga, kuwapikia wageni wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Mawimbi yenyewe yako mbali, penye mwamba usio na ufuo wala njia. Ni boti tu inayofika. Nahodha wetu, Shee, Mbajuni mwenye maneno mengi, ndiye aliyetupeleka kila asubuhi, nami nikikaa nyuma na chupa za chai na tasbihi yangu.

Awil alijua kuogelea tangu utotoni, mtoni Tana, basi mgeni mmoja Mwaustralia akamfundisha ubao. Siku moja mgeni huyo akamwita kwenye wimbi kubwa. Sikupenda. Ndugu zake Mungu aliwachukua wangali wadogo, baba yao naye akawafuata; nimebaki na huyo tu. Lakini ni mwanamume sasa, utamfunga kamba kama ndama? Nikasema Bismillahi, nikamwangalia.

Mara ya kwanza akaanguka. Ya pili akasimama, akateleza. Shee akapiga makofi.

"Bi Raho, umezaa samaki!"

"Sema mashallah."

"Mashallah, mashallah."

Adhuhuri ikikaribia, maji yakaanza kupwa. Vichwa vya matumbawe vikachomoza, vikali kama wembe. Shee akatia vidole mdomoni, akapiga mluzi. Mgeni akageuka mara moja, akarudi botini. Awil akabaki ameketi juu ya ubao wake. Shee akapiga tena, mrefu zaidi. Awil akainua mkono, akatabasamu, hakuondoka.

"Kiziwi huyu?" Shee akasema. "Wimbi likija sasa litamsaga!"

Hapo nikaelewa. Kwetu kisimani, mluzi ni wa kumtuliza ngamia: kunywa, shiba, hakuna haraka. Awil amekua akiupiga. Kila Shee alivyozidisha, ndivyo mwanangu alivyozidi kutulia.

"Acha mluzi, Shee! Unamwambia akae!"

Nikasimama, boti ikiyumba, nikaweka mikono mdomoni mbele ya wanaume wale, nikapaza wito wetu wa kuwaondoa ngamia kisimani. Awil akagutuka. Akalala kifudifudi, akapiga maji kwa mikono yote miwili. Wimbi likainuka nyuma yake, likavunjika palepale alipokuwa ameketi, povu likamsukuma hadi kwenye kina. Alipopanda botini goti lilikuwa linavuja damu, basi. Alhamdulillahi.

"Hooyo, mama yangu, mbona umeniita? Shee alikuwa ananiambia nitulie."

"Nikwambie utulie!" Shee akafoka. "Nilikuwa nakuita upone, mtu wa ngamia wewe!"

Nikamfunga Awil goti kwa kitambaa. Hakuniangalia usoni, alikuwa akingoja neno langu, nami nilijua ni lipi.

"Na kesho, Bi Raho?" Shee akaniuliza kwa niaba yake.

Nikayatazama yale matumbawe kitambo.

"Kesho ataingia. Lakini kumwita nitamwita mimi, mpaka wewe ujifunze wito wetu."