Kiatu Juu ya Ekseleta

Mwalimu wa udereva hakulipeleka gari gereji ili litengenezwe. Alilipeleka ili fundi aseme halina ubaya wowote, na yeye apate la kumjibu Mama Pacha.

Mama Pacha alikuwa mwanafunzi wake wa miezi minne, mpishi wa shule ya watoto wadogo, mama wa makamo asiye na maneno mengi. Shule ilikuwa imemwahidi kazi ya kuendesha gari la watoto, akae kitini badala ya kuinamia moshi kutwa nzima, na nafasi hiyo ilimsubiri hadi mwisho wa mwezi tu. Lakini alishafeli mtihani mara mbili. Mara ya kwanza gari lilimzimikia kwenye alama ya kusimama, mara ya pili kwenye mwinuko. Mtihani wa tatu ulikuwa siku hiyo, saa tisa alasiri, na anayefeli mara tatu huanza masomo upya, miezi mingine minne. Kufikia hapo kazi ingekuwa imeshapata mwenyewe.

Jana yake, wakiwa kwenye uwanja wa mazoezi, Mama Pacha alizima gari mara tatu mfululizo, kisha akasema mbele ya wenzake wote, "Mwalimu, hii gari inatetemeka ikisimama. Sifanyi mtihani mpaka fundi aiangalie."

Wenzake wakacheka. Mwalimu hakucheka. Alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kazi hiyo, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumfundisha habari za gari lake. Akamshusha, akaingia yeye. Akasimama kwenye alama, akaondoka. Akasimama kwenye mwinuko, akaondoka, wala gari halikupiga chafya. Akarudi akafungua mlango.

"Imezima?"

"Haijazima," alikubali Mama Pacha.

"Sasa tatizo ni gari au ni mguu?"

Swali hilo lilikuwa la kumchoma tu, maana tangu mtihani wa kwanza Mwalimu alishampachika jina la Mguu wa Jiwe, na wanafunzi wakalidaka. Mama Pacha alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga.

Gereji ilikuwa ya shemeji yake Mwalimu, mdogo wa mkewe, bwana mwenye mikono mizuri na mdomo mbaya. Alilitazama lile gari kuukuu, lenye rangi iliyopauka na kibao cha mafunzo juu ya paa, akajifuta mikono kwa tambara.

"Karibu, shemeji. Umeleta gari au umeleta marehemu?"

"Acha utani. Angalia haraka, uniandikie kikaratasi kwamba haina tatizo, niende zangu."

"Mgonjwa anamwandikia daktari majibu! Haya, washa."

Mwalimu akawasha. Injini ikanguruma, feni ikaanza kuzunguka. Fundi alisimama mbele ya boneti iliyofunguliwa, akasikiliza kwa muda.

"Toa mguu kwenye ekseleta," akasema.

"Nimetoa."

"Hujatoa."

"Shemeji, mguu ni wangu. Mimi ndiye ninayejua uko wapi."

Fundi hakubisha. Alizunguka hadi mlango wa dereva, akainama, akachungulia chini. Kiatu cha kulia cha Mwalimu kilikuwa kimelala juu ya ekseleta, kimeigusa kidogo tu, kama mkono wa mzazi juu ya kichwa cha mtoto aliyesinzia.

"Na hicho kiatu ni cha nani?"

Mwalimu alitazama chini. Akaona aibu ya ajabu, aibu ya mtu anayeambiwa ukubwani kwamba anakoroma. Akaurudisha mguu nyuma. Papo hapo mngurumo ukashuka, kioo cha ndani kikaanza kutetemeka, funguo zikagonganagongana, na gari likazima.

"Washa tena," alisema fundi. Likazima tena. "Haya, sasa tia gia uondoke, lakini usiguse ekseleta mpaka klachi ianze kushika."

Ndivyo alivyowafundisha wanafunzi wake wote, neno kwa neno. Mwalimu alitia gia, akaachia klachi taratibu, na gari likaruka mara moja kama chura, kisha kimya. Fundi alicheka mpaka akashika kiuno.

"Miaka ishirini na miwili, shemeji! Na bado hujui kuondoa gari!"

Alipomaliza kucheka alianza kazi, na hapo alibadilika akawa mtu mwingine kabisa. Kwanza alifungua plagi zote nne, akazipanga juu ya tambara. Zilikuwa za rangi moja, kahawia ya biskuti, hakuna iliyolowa wala iliyoungua. "Kama ingekuwa inamisi, yaani plagi haichomi vizuri, moja ingesema," alieleza. Akazirudisha. Kisha akamwambia Mwalimu awashe na kushikilia resi kidogo ili isizime, naye akanyunyiza maji kwenye mipira yote ya hewa, mmoja baada ya mwingine, akitega sikio. Kama mpira una ufa, injini hunywa yale maji na sauti hubadilika. Sauti haikubadilika. Mwisho aliingiza mkono nyuma kabisa, akachomoa waya wa kifaa kimoja kidogo, cha ukubwa wa kidole gumba. Injini haikujali hata kidogo.

"Unaona? Nikikichomoa hiki, ilitakiwa ilalamike. Haijui hata kama kipo. Zima."

Akafungua skrubu mbili, akakitoa, akakiinua kwenye mwanga. Kitundu chake kilikuwa kimeziba kwa masizi meusi, mazito kama ya chini ya sufuria.

"Ukiondoa mguu, mlango mkubwa wa hewa unajifunga," alisema. "Injini inabaki inapumua kwa hiki kitundu. Hiki hakikuziba jana. Kimeziba kidogo kidogo, labda mwaka mzima. Na kila kilivyozidi kuziba, wewe mguu wako ukaongeza kidogo. Umeizoea hii gari mpaka unaipumulia, na hujui kama unaipumulia."

Mwalimu alikitazama kile kifaa. "Kwa hiyo mtu mwingine akiendesha…"

"Mwanafunzi wako? Inategemea. Yule mbishi anayekanyaga ovyo atafaulu. Atakayezimikiwa ni yule anayefuata mafunzo yako."

Utani ulikuwa umemtoka fundi, na hilo lilimuumiza Mwalimu kuliko kile kicheko. Walikipulizia kifaa dawa, wakakisugua kwa mswaki wa zamani mpaka shaba ikaonekana, wakakirudisha. Gari likawaka. Mwalimu aliweka miguu yote miwili juu ya zulia, mbali na kila kitu, akasubiri injini ipate moto. Feni ikazunguka, ikasimama, ikazunguka tena. Mngurumo haukuyumba. Hakuomba kikaratasi.

Saa saba na nusu alikuwa jikoni mwa shule ile. Mama Pacha alikuwa amepiga magoti akisugua masufuria, mikono imejaa majivu hadi kwenye viwiko. Hakuinuka.

"Siendi, Mwalimu. Nimeshawaambia watafute mtu mwingine wamweke tayari."

"Gari ilikuwa mbovu," alisema Mwalimu.

"Nilikwambia."

"Uliniambia. Mara zote ilizimika kwa sababu ulifanya vile nilivyokufundisha. Kosa lilikuwa langu mimi na gari yangu. Nisamehe, mama."

Mama Pacha aliendelea kusugua. Alisugua sufuria moja mpaka ikang'aa, akaifudikiza, akavuta nyingine.

"Mguu wa Jiwe uliniita mbele za watu," alisema. "Samahani unakuja kuniomba mbele ya masufuria."

Mwalimu alitazama sakafu. Alikuwa amejiandaa kwa kilio, na kwa matusi pia, lakini hilo hakulitegemea. "Nawa mikono twende," alisema mwishowe. "Nitayasema kule kule."

Na aliyasema. Uwanjani walikuwepo wanafunzi tisa na mtahini mwenye ubao wa karatasi, na Mwalimu alisimama mbele yao jasho likimtoka, akaeleza habari ya kiatu, ya kitundu na ya masizi ya mwaka mzima, akamaliza kwa kusema kwamba jina lile lilikuwa upuuzi wake na asisikie mtu akilitumia. Kijana mmoja alianza kucheka, akaona hakuna anayemsaidia, akaacha. Mtahini alitazama saa yake. "Mwalimu, tuna ratiba," alisema.

Mama Pacha aliingia garini. Alisimama kwenye alama, na gari likatulia likinguruma. Alikwenda kwenye mwinuko, akasimama, akaachia klachi taratibu, akapanda. Mwalimu alijikuta akikanyaga mchanga kwa mguu wa kulia, akauzuia. Baada ya robo saa Mama Pacha alishuka akiwa na karatasi yenye muhuri. Hakuruka wala hakupiga kelele, lakini aliisoma mara mbili. Kisha akaja kumkabidhi Mwalimu funguo.

"Asante. Na wale wengine?"

"Wengine gani?"

"Si wapo, Mwalimu. Yule mzee wa posta. Yule dada muuguzi aliyelia hapa. Umesema mwaka mzima."

Mwalimu hakuwa amewafikiria. Hakuwafikiria hata kidogo, na alijichukia kwa hilo. Alikwenda kukaa ndani ya gari, akatoa daftari la wanafunzi, akafunua nyuma, mwezi baada ya mwezi. Kwa mwandiko wake mwenyewe, kwa wino mwekundu, alikuwa ameandika "gari limemzimikia" mbele ya majina ya watu kumi na mmoja. Wanane kati yao hawakurudi tena.

Alianza na muuguzi. Simu iliita kwa muda mrefu.

"Dada, ni mimi, mwalimu wako wa udereva."

"Mwalimu! Shikamoo." Sauti ilishtuka, ikaharakisha kabla hajatamka lolote. "Unisamehe sana, niliondoka bila hata kukuaga. Niliona nikiendelea nitakuharibia gari yako bure."